Uzito Mkavu

Ghalani walimwita Mama Mizani, na jina hilo hakulikataa. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kibanda cha vioo kando ya lango, mbele yake jukwaa la chuma la kupimia, na hapakupita gunia la mahindi wala la maharage bila yeye kuliridhia. Mkulima angeshusha mzigo, aape kwa mama yake mzazi kwamba mahindi yamekaa juani mwezi mzima, na yeye angemsikiliza mpaka amalize kiapo. Kisha angetia mkono guniani hadi kwenye kiwiko, atoe punje ya katikati kabisa, aiume. Punje kavu hupasuka kwa mlio. Iliyolowa hubonyea tu. Ikibonyea angeitema, afute mkono kwenye koti la kazi, na kutamka neno lake la siku zote: maji nayo yana kilo, ila sisi hapa hatununui maji.

Wanaume wenye ndevu zao walimwogopa. Waliotaka kumtukana walimtukania nje ya lango, maana ndani hakuna aliyethubutu. Aliamini vitu viwili hapa duniani, namba na karatasi. Vingine vyote aliviita midomo. Na nikisema hivi simsimangi. Zamu yake haikuwahi kuozesha hata debe moja.

Mumewe alikuwa fundi saa, na watu wote, mkewe akiwamo, walimwita Fundi. Mtu mpole, mpole mno. Ungempa chai isiyo na sukari angeinywa na kukushukuru. Mimi nasema upole ndio ulikuwa ugonjwa wake wa kwanza, figo zilifuata baadaye. Kutwa aliinamia saa za watu na lenzi jichoni, na akirudi nyumbani neno la mwisho lilikuwa la mkewe, na la kwanza pia.

Figo zilipoanza kuchoka, daktari aliwaeleza kwamba bado zina nguvu kidogo, na dawa ni kuzipunguzia mzigo. Nyama, samaki, mayai, maharage, maziwa, vyote vipunguzwe, kwa sababu protini ikizidi, figo mbovu hushindwa kuondoa taka zake. Akaandika yote kwenye karatasi, akagonga muhuri. Mama Mizani alipouona muhuri roho yake ilitulia. Aliibandika karatasi ile kwenye mlango wa kabati la jikoni kwa gundi ya mbao, si kwa pini, maana pini hung'oka. Siku hiyo hiyo mayai yalihama nyumba ile. Fundi, ambaye tangu utotoni asubuhi yake ilianza na yai la kuchemsha, akawa mtu wa wali na kabichi, na viazi vilivyochemshwa mara mbili. Alikula bila kunung'unika. Na tumpe mama wa watu haki yake: karatasi ilikuwa sahihi. Daktari alikuwa amewatabiria miezi sita tu, lakini figo zikavuta miaka miwili.

Aliyenung'unika alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, mpishi wa shule ya bweni, mwenye sauti ya kuita watoto mia nne kwenye chakula. Kwake yeye mgonjwa asiyekula ni maiti anayesubiri zamu. Alikuwa akimpenyezea mdogo wake mayai kwa siri, mpaka siku Mama Mizani alipokuta maganda kwenye mfuko wa koti la mumewe. Siku hiyo palichimbika. Alimsimamisha wifi yake mlangoni, majirani wakiwa wamenyamaza ili wasipitwe na neno.

"Unataka kumuua mdogo wako?" alimuuliza. "Sema tu, nijue."

Wifi aliondoka analia. Fundi akaapa kwamba hatakula tena kitu cha nje bila mkewe kujua. Wengi huapa hivyo ili kelele ziishe. Yeye alikuwa ameapa kweli, na hapo ndipo balaa lilipojificha.

Miaka miwili ilipoisha, figo zikazima kabisa, akaanza kwenda hospitali kila Jumanne na Ijumaa kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Siku ya kwanza dada wa lishe, mtaalamu wa chakula cha wagonjwa, aliwaita ndugu wa wagonjwa wapya awape maelekezo. Ilikuwa msimu wa mavuno, malori yamepanga foleni hadi barabarani, na Mama Mizani hakuweza kuiacha mizani. Akaenda wifi. Huko wakaambiwa kwamba sasa mambo yamegeuka. Mashine haiondoi taka peke yake, inaondoka na protini pia, kila mara, kwa hiyo mgonjwa wa mashine lazima ale ile protini aliyokatazwa zamani. Mayai, samaki, nyama, kila siku. Karatasi za maelekezo zilikuwa zimeisha, wakaambiwa zitakuja.

Wifi aliruka na habari hiyo mpaka ghalani kwenyewe. Na kosa lake, maskini, lilikuwa kufurahi. Aliisema kama mtu aliyeshinda kesi. Mama Mizani alimtazama, mwanamke yule yule wa maganda mfukoni, anakuja kumwambia kwamba eti daktari amesema sasa mayai ruksa. Wewe ungeamini? Alimwuliza iko wapi karatasi. Wifi akasema zimeisha. Basi zikija uniletee, akajibiwa, na lori lililofuata likapanda jukwaani.

Karatasi ilipokuja, wifi hakuipeleka. Aliona ya nini kwenda kutukanwa tena, wakati njia ya mkato ipo. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi alifika wodini na mayai mawili ya kuchemsha ndani ya kitambaa, akayaweka mkononi mwa mdogo wake aliyekwisha kufungwa mirija, akamwambia kula, kisha akakimbilia jikoni kwake shuleni. Jioni mkewe alikuja kumchukua. Wanawake hao wawili walipokezana mgonjwa kama walinzi wa zamu, mmoja akiingia mwenzake kashatoka, na hakuna aliyejua mwenzake anafanya nini.

Jioni Mama Mizani aliuliza swali moja tu: kilo ngapi? Nesi angetazama faili na kumjibu kwamba ameingia na sitini na tano, wamemtoa maji, anatoka na sitini na mbili, na hizo sitini na mbili ndizo uzito wake mkavu. Loo, neno hilo lilivyompendeza! Uzito mkavu. Alilijua tangu ujana wake. Ghalani, mkavu ni mkavu, haina mjadala. Aliporudi nyumbani aliandika kwenye kalenda ya ukutani, na miezi sita mfululizo kalenda ile ilisema sitini na mbili, sitini na mbili, sitini na mbili. Ghalani aliwaambia wenzake kwamba wagonjwa wa wenzie wanapukutika, wa kwake hajapungua hata nusu kilo. Majirani nao wakamsifu. Wakasema Fundi amenawiri, mashavu yamejaa, hongera mama kwa kumtunza. Alizipokea hongera hizo.

Alikuwa na macho, lakini. Aliona viatu vya mumewe havifungiki kamba. Aliona soksi zikivuliwa zinaacha mfereji mguuni. Na aliona kwamba mkanda wa saa yake, saa aliyoivaa tangu harusi yao, umerudi matundu mawili ndani, akasema moyoni kwamba ngozi imelegea, mkanda umezeeka. Kinyozi hajinyoi. Angeletewa gunia la namna hiyo, limevimba chini na limelegea juu, asingelipa hata nafasi ya kushuka kwenye lori.

Sasa njoo kwenye figo. Wifi alikuwa amepimwa kimyakimya, na figo yake ikaonekana inamfaa mdogo wake. Madaktari wakapanga tarehe. Siku Fundi alipomweleza mkewe, Mama Mizani alikaa kitandani akalia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, kisha akaenda mpaka kwa wifi yake, akapiga magoti sebuleni kwake, akamwita dada. Wifi alimwinua. Kwa wiki mbili hizo walikuwa ndugu, wakipigiana simu kuulizana hali, na Fundi alionekana akicheka peke yake juu ya saa za watu. Kilichobaki kilikuwa vipimo vya mwisho vya damu.

Vipimo vilirudi vibaya. Kuna kitu kwenye damu kinaitwa albumini, ndiyo protini yenyewe hasa, na jopo la madaktari lilitaka ifike thelathini na tano ndipo wamguse mtu kwa kisu, kwa sababu chini ya hapo kidonda hakifungi na vijidudu hufanya sherehe. Ya Fundi ilikuwa ishirini na mbili. Upasuaji ukasimamishwa, wakapewa miezi mitatu kuipandisha. Daktari aliuliza swali moja, nani anampikia, na wote wakapelekwa kwa dada wa lishe.

Chumba kilikuwa kidogo, viti vitatu, Fundi juu ya kitanda cha kupimia miguu ikining'inia. Wifi alitangulia kusema kwamba yeye humletea mayai mawili kila siku ya mashine, na dada wa lishe akasema ni vizuri, ila mayai manne kwa wiki hayatoshi. Nyumbani anakula nini? Mama Mizani akaeleza, bila wasiwasi, kwa fahari hata. Wali na kabichi. Viazi maji mawili. Yai hakuna, nyama hakuna, maharage hakuna, karatasi iko kabatini, na kilo hazijapungua, kalenda anayo. Alizungumza peke yake mpaka akasikia amezungumza peke yake.

Dada wa lishe hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Aliinuka, akapandisha suruali ya Fundi hadi gotini, akamwomba Mama Mizani alete kidole gumba, akakikandamiza kwenye mfupa wa muundi wa mumewe, akahesabu kumi, akakitoa. Pale kidole kilipokuwa pakabaki shimo. Walilitazama, nalo halikujaa.

Ilibonyea tu. Hakuhitaji kuelezwa, lakini alielezwa. Albumini ndiyo inayoyashika maji yakae ndani ya mishipa ya damu; ikipungua, maji yanavuja na kutuama mwilini. Fundi alikuwa amekwisha kilo kumi za nyama yake, na kilo kumi za maji zilikuwa zimeketi mahali pake bila kubisha hodi. Mizani haikuona tofauti.

"Lakini mliniambia ni uzito mkavu," alisema Mama Mizani. "Nani aliupima huo ukavu?"

Dada wa lishe akainamisha macho. Akasema hakuna kipimo cha ukavu, ni makadirio; hukadiriwa mwanzoni, kisha hupaswa kurekebishwa mgonjwa akikonda, na wodi yao ina wagonjwa wengi, na huyu hakuna aliyerekebisha. Kumbe! Miezi sita nesi alikuwa akisoma namba iliyoandikwa siku ya kwanza, naye akienda kuiandika ukutani. Hapo maji yalikuwa yamezidi unga, na safari hii si kwa methali. Wifi angeweza kurudisha lile la mlangoni, la kumuua mdogo wake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ile mpya yenye muhuri, akaiweka juu ya meza. Kumbe ilikuwa mkobani miezi yote hiyo. Na Fundi, ambaye alijua yanayosemwa wodini na yanayopikwa nyumbani, alitazama viatu vyake visivyofungika.

Nyumbani, mkewe alimwuliza kwa nini hakusema. Wodini walikuwa wakimwambia kila wiki, kwa nini hakumwambia?

"Ulinipa miaka miwili, Mama Mizani, wakati daktari alinipa miezi sita," Fundi alisema. "Ningeanzaje kukubishia?"

Karatasi ya kabatini haikutoka. Gundi ya mbao ni gundi ya mbao. Aliikwangua kwa kisu mpaka akakwangua na rangi, pakabaki doa jeupe lenye herufi mbili tatu za muhuri. Kisha akapika. Alipika kama mtu aliyefukuzwa na kitu. Mayai asubuhi, samaki mchana, kuku jioni, na ghalani aliomba ruhusa ili amlishe kwa mkono wake. Lakini mwili uliokatazwa chakula kwa miaka husahau hata hamu yake. Fundi alipata kichefuchefu kwa harufu tu ya yai. Alikula hata hivyo, kijiko kwa kijiko, jasho likimtoka, akamtazama mkewe kila akimeza ili aone kama ameridhika. Mwezi wa kwanza albumini ikawa ishirini na nne. Wa pili, ishirini na sita. Mama Mizani akazifuta sitini na mbili zote kwenye kalenda, akaanza kuandika namba hizi mpya, na akajisemea kwamba huu ni mlima, lakini unapandika.

Siku ya sita ya mwezi wa tatu mrija wa shingoni, ule wa kuunganishia mashine, uliingiwa na vijidudu. Mwenye albumini ya kutosha huugua wiki moja, anapigwa dawa, anapona. Fundi hakuwa na cha kupigania. Siku nne tu.

Msibani wifi alishindwa kujizuia. Mbele ya watu wote alisema kwamba yeye alimlisha mdogo wake kwa mkono huu, kila Jumanne na kila Ijumaa, na figo yake anayo mwilini mpaka sasa hivi, anayo ya ziada, haina kazi. Aliyemnyima chakula aulizwe yeye. Watu waliinamisha vichwa. Hapakuwa na uongo hata nukta moja ndani yake, na Mama Mizani alijua.

Baada ya wiki tatu wodi iliwaita wachukue vitu vya marehemu. Wakaenda wote wawili, mke akachukue blanketi, dada akachukue kikombe chake na kile kitambaa cha mayai. Wifi alipofika mlangoni alikaa kwenye benchi la nje, akasema nenda wewe.

Kitanda cha Fundi kilikuwa na mtu mwingine tayari. Cha jirani yake alikuwamo yule yule wa siku zote, mwanamume ambaye zamani alikuwa konda wa basi na wote wodini walimwita Konda. Jina lilikuwa limegeuka mzaha, kwa sababu Konda alikuwa amejaa mwili, ngozi inang'aa, sauti imerudi. Alimshika Mama Mizani mkono akampa pole ndefu, kisha akasema ana deni la shukrani lisilolipika. Alipoanza mashine alikuwa mifupa mitupu, hana mke wala ndugu wa kumletea chochote. Na Fundi, kila Jumanne na kila Ijumaa, dada yake akishageuza mgongo tu, alikuwa akimpa yale mayai. Yote mawili. Miezi sita.

Mama Mizani aliuliza kama Fundi alisema kwa nini.

"Alisema kwake anakula mpaka anasaza, mke wake hamnyimi kitu," Konda akajibu. "Na kwamba alimwapia huyo mke hatakula cha nje. Akaniambia kula wewe, usije ukakonda zaidi ya jina lako. Tukacheka sana siku hiyo."

"Albumini yako ngapi sasa?"

"Thelathini na nane, mama. Wananiombea mtu wa kunipa figo."

Mama Mizani akaliweka chini blanketi la marehemu. Halafu akafanya jambo ambalo Konda alilisimulia wodini kwa muda mrefu. Aliinama, akafunua shuka miguuni mwake bila kuomba ruhusa, akakandamiza kidole gumba kwenye muundi, akahesabu kumi kwa sauti ndogo, akakitoa. Nyama ilirudi papo hapo. Akamfunika vizuri, akakunja kitambaa cha mayai, akachukua blanketi na kikombe, akatoka.

Wifi aliinua macho kutoka kwenye benchi. Macho yalikuwa yamevimba, na aliuliza alichokuwa akiogopa kuuliza tangu msibani: huyo Konda amesema nini, maana alikuwa karibu naye siku zote, je, yale mayai yalimsaidia mdogo wake hata kidogo?

Ilikuwa rahisi kumjibu. Neno moja tu, na mzigo ungegawanywa nusu kwa nusu, na aibu ya msibani ingerudi ilikotoka. Miaka kumi na tisa Mama Mizani hakuwahi kupitisha gunia lililolowa. Aliketi kando ya wifi yake, akampa kile kitambaa.

"Anasema alikuwa anayala yote," alisema. "Hakubakiza hata moja."

Wifi alikikunja kitambaa, akakikunja tena, akakitia mkobani.

"Nilijua," alisema. "Kumbe ungeniachia mimi nimlishe, leo angekuwa hai."

Mama Mizani akasema ndiyo.